Feni ya kutoa moshi jikoni inapiga kelele? Anzia hapa

Wiki hii nimeulizwa na watu watano kitu kilekile, kwa hiyo naandika mara moja.

Kwanza sikiliza. Iwashe, ikishachanganya izime huku umetega sikio. Mlio ukikatika papo hapo wakati mapanga bado yanazunguka, tatizo ni la umeme, kapasita (kile kidude kinachoisaidia mota kuanza) au regyuleta (ya kubadilisha kasi). Ukififia polepole pamoja na mapanga, ni uchafu, skrubu au bushi (kile kipete kinachoshikilia shafti, yaani mhimili unaozunguka na mapanga). Na kama inagonga hata ikiwa imezimwa basi ni kile kifuniko cha nje kinapigwa na upepo, watu wa Kigamboni mnakijua, kusi ikivuma ni ta-ta-ta usiku kucha. Bandika sponji nyembamba kwenye kingo zake.

Zima meni swichi, sio swichi ya ukutani tu.

Fungua, osha mapanga kwa maji moto na sabuni ya vyombo. Mota isiguse maji. Mafuta ya kukaangia yakishikana na vumbi upande mmoja, feni nzima inatetemeka.

Kaza skrubu zote.

Sasa oili, hapa nisikilizeni. Mwaka jana yangu niliipulizia ile dawa ya kulegezea nati zenye kutu, ikanyamaza kabisa nikafurahi, wiki ya tatu nikaikuta imekwama, ya moto, inanuka waya ulioungua, mota ikafa. Ile dawa inaosha mafuta yaliyokuwemo kisha yenyewe inakauka. Tumia oili ya cherehani, matone mawili kila bushi, zungusha shafti kwa mkono mpaka inywe, futa inayobaki. Mafuta ya kula USIWEKE, yanaganda kama gundi. Kama badala ya bushi ina beringi zilizofungwa (za gololi) usitie chochote, zikilia badilisha. Na shafti ikicheza ukiitikisa, bushi imekwisha, oili haisaidii.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu yangu inaunguruma sana nifanyeje?
— Soma aya ya pili.

Mdau wa Tabata: Nimesoma, ila fundi kasema ninunue mpya tu.
— Uliizima ukasikiliza? Hujasema. Fundi wako yeye alisikiliza?

Mama Wawili: Kaka, yangu iko kimya mpaka nifunge mlango wa jikoni, ndo inaanza kupiga kama filimbi. Kwa nini?
— Dada umeangalia vizuri sana. Feni ikitoa hewa lazima nyingine iingie, ukifunga kila kitu inajilazimisha kupita kwenye upenyo mdogo ndo mlio unatokea. Acha dirisha la mbali na feni wazi kidogo. Halafu angalia lile bomba la kukunjika nyuma yake, kama limejikunja livute linyooke, kona zikipungua kelele nazo zinapungua.

Kijana wa Mbagala: Kapasita mbovu naijuaje?
— Feni inavuma bila kuzunguka, ukiisukuma kwa kijiti inaanza. Nenda na ya zamani Kariakoo, maikrofaradi (µF, kipimo kilichoandikwa juu yake) ziwe zilezile na volti zisipungue. Usishike miguu yake hata umeme ukiwa umezimwa, inabaki na chaji. Huna uzoefu, mwachie fundi.

Mama Wawili: Asante kaka. Mafuta yaliyoganda kwenye vigae je?
— Magadi na maji moto, acha dakika kumi usugue. Ila chujio la alumini usililoweke humo, linakuwa jeusi.