Kamakura mwezi Juni: usiikimbie mvua

Wengi huenda Kamakura, mji wa pwani nchini Japani, mwishoni mwa Machi kufuata maua ya mcheri. Ni mazuri, sikatai, lakini mimi ningechagua Juni, majira ya mvua, maua ya haidranjia yanapochanua. Wajapani huyaita ajisai. Kutoka Tokyo ni kama saa moja kwa treni. Shuka Kita-Kamakura, kituo kimoja kabla ya Kamakura yenyewe, uwahi hekalu la Meigetsu-in asubuhi na mapema. Huko karibu maua yote ni ya buluu, na yakilowa ndipo rangi inapokolea. Ukichelewa utaishia kutazama visogo vya watu.

Kisha rudi kwenye treni hadi Kamakura, upande kitreni cha Enoden mpaka Hase. Hekalu la Hasedera lina njia ya ajisai mlimani, na ukifika juu unaiona bahari. Siku za msongamano huenda ukahitaji tiketi yenye saa ya kuingia kwenye njia hiyo; chukua yako kwanza, halafu tembea hadi kwa Buddha Mkuu, sanamu ya shaba nyeusi yenye urefu wa mita 11 na ushei, iliyokaa nje bila paa. Vaa viatu visivyoteleza, ngazi ni nyingi.