SOMO: Boti yako isiwabebe kome milia

Kome milia, kiumbe mdogo wa majini mwenye gamba la milia, kitaalamu Dreissena polymorpha, asili yake ni mabonde ya Bahari Nyeusi na Kaspi. Mwaka 1988 aligunduliwa Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, baada ya kuvushwa na maji ya farumi ya meli, yaani maji yanayobebwa kuipa meli uzito na kuisawazisha. Kuingia maziwa madogo ya bara, mbebaji mkuu ni boti iliyo kwenye trela.

Maji yakifika nyuzijoto 12 hivi, jike huanza kutaga, na kwa mwaka huweza kufikisha mayai milioni 1. Lava wake, yaani watoto waliototolewa, huelea wiki 2 hadi 4, na kwa macho huwaoni. Kisha hutua, hutoa nyuzi zinazonata na kung'ang'ania jiwe, bomba au kombe (gamba) la mwenzao. Kwa hiyo boti inayong'aa lakini ina maji ndani bado ni hatari.

1. Ukiwa bado ufukweni, ng'oa magugu kwenye trela, nanga na pangaboi. Papasa chini ya boti: pakikwaruza kama msasa, ni kome wachanga.

2. Chomoa nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji), mwaga ngama (maji yaliyotuama chini ndani ya boti) yote na maji ya tangi la samaki. Shusha injini iwe wima hadi iache kuchuruzika. Wengi huiacha imeinuliwa, maji yanabaki ndani.

3. Anika siku 5 au zaidi. Una haraka? Maji ya nyuzi 60 kwa sekunde 10, au nyuzi 50 kwa dakika 2. Pima joto pale maji yanapogusa boti, maana njiani hupoa.

MASWALI

Mkuu, klorini haifai?
Kome mkubwa akiihisi hufunga kombe na kungoja siku nyingi. Tumia maji moto.

Gati langu limekaa majini msimu mzima, siku 5 zinatosha?
Hapana. Kwenye ubaridi na unyevu kome hustahimili muda mrefu. Kwarua kwanza. Jimbo la Minnesota, Marekani, linataka gati likae nchi kavu siku 21 kabla ya kuhamishiwa ziwa jingine.

Lakini si wanasafisha maji?
Maji yanang'aa kweli, kila mmoja huchuja hadi lita 1 kwa siku. Tatizo wanamaliza planktoni, vijidudu na vijimea vinavyoelea majini, ambayo ni chakula cha vifaranga vya samaki, na mwani wenye sumu wanautema.