Kabla ya kupanda meli Svalbard: mambo ya kuzingatia kwa safari ya kushuka hadi Bergen

Meli zinazopeleka watalii kwenye barafu ya kaskazini si yale maghorofa yanayoelea na abiria elfu tatu. Ni ndogo, na nyingi hazifikishi abiria mia mbili. Zipo zinazoanzia Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard, zikashuka na pwani ya Norwei kupitia Tromsø, Lofoten na Trondheim hadi Bergen. Bei yake ni kubwa kiasi kwamba mtu hudhani kila kitu kimeshalipiwa. Chumba, chakula na mara nyingi jaketi zito, ni kweli. Ila viza, bima, afya na nguo za kuvaa chini ya jaketi ni juu yako.

Anza na viza, tena kabla hujatoa arubuni. Svalbard ni ya Norwei kwa mkataba uliosainiwa mwaka 1920, lakini haimo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anaingia Schengen anaposhuka Oslo, anatoka anapopanda ndege ya Longyearbyen, kisha anaingia tena meli inapofika Tromsø. Hapo ameingia mara mbili. Viza ya kuingia mara moja huwa imeshatumika siku ile ya Oslo, na haitakurudisha bara. Kwa hiyo kwenye fomu omba ya kuingia zaidi ya mara moja, na uambatishe ratiba ya meli inayotaja kila bandari na tarehe yake ili afisa aone sababu kwa macho yake. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa safari ya namna hii sioni faida yoyote ya kusubiri. Pasipoti nayo iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya.

Bima ina mtego wake. Ubalozi unataka ile ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na watu wengi wakishaipata huona kazi imekwisha. Hiyo ni ya kukupatia viza tu. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, na mgonjwa mahututi hupelekwa kwa ndege Tromsø, karibu kilomita 950 kusini. Kama meli iko kaskazini zaidi, kwanza itafutwe helikopta. Soma mkataba mpaka uone imeandikwa waziwazi kwamba gharama za kukuhamisha kutoka baharini na maeneo ya ncha ya dunia zinalipwa. Kampuni nyingi za meli hazikupandishi bila bima hiyo, na hutaka pia fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Jaza ukweli. Mwenye kisukari au presha abebe dawa za ziada kwenye begi la mkononi, na insulini ikae karibu na mwili mnaposhuka nchi kavu, maana ikiganda haifai tena.

Kuhusu tarehe, pima unachokitaka. Longyearbyen jua halizami tangu karibu Aprili 20 hadi karibu Agosti 22. Ukienda Julai utaona barafu na wanyama saa sita usiku kama mchana, na utahitaji kitambaa cha kufunika macho ili ulale. Safari za kuteremka kusini mara nyingi hupangwa msimu unapofunga, Agosti mwishoni na Septemba, meli zikihama. Wakati huo giza limerudi, kwa hiyo zile taa za kijani za asili za angani, ziitwazo aurora, zinaweza kuonekana mkifika Tromsø au Lofoten, lakini bahari ya Barents, iliyo kati ya Svalbard na bara, nayo imeanza kuchafuka. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya meli kutoka ghubani. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Kwa Mwislamu hesabu hiyo ya jua si jambo dogo. Mahali ambapo jua halizami, wanazuoni wameruhusu kufuata saa za Makka au za mji wa karibu wenye usiku na mchana. Muulize sheikh wako mapema uondoke na jibu moja. Chakula cha halali kiombwe wiki kadhaa kabla, kwa maandishi. Stoo ya meli hujazwa bandarini, na huko mbele hakuna bucha.

Nguo sasa, na hapa ndipo watu wa pwani yetu tunapokosea kwa kununua koti moja nene. Julai Svalbard ni nyuzi tano, sita hivi; kinachoumiza ni upepo na maji. Vaa tabaka: ya ndani ya sufu, ya kati sweta, ya juu isiyopitisha maji, suruali ikiwemo. Pamba iache nyumbani, ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Gambuti kampuni nyingi huazima, ila tuma saizi yako mapema. Glavu chukua pea mbili, kwa sababu moja italowa siku ya kwanza.

Italowa kwa sababu kushuka ni kwa mashua ya mpira, na pengine hakuna gati. Unateleza ukingoni mwa mashua na kukanyaga maji yanayofika nusu ya gambuti. Baharia hakupi kiganja. Mnashikana juu kidogo ya kifundo cha mkono, kila mmoja amkamate mwenzake, ili glavu ikichomoka usianguke. Mikono yote miwili iwe mitupu, kamera ndani ya begi la mgongoni. Mwenye magoti mabovu afanye mazoezi ya ngazi miezi miwili kabla, au aiambie kampuni ukweli.

Kabla ya kushuka kwa mara ya kwanza kuna usafi ambao wengi huuona kichekesho: mnakaa sebuleni na mashine za kufyonza vumbi na vibanio, mkitoa mbegu za nyasi kwenye nyayo na mifukoni, maana mbegu ngeni ikiota kule itaharibu mimea ya asili. Fua begi lako nyumbani upunguze foleni. Waongozaji hubeba bunduki kwa ajili ya dubu, na tangu Januari 2025 sheria inataka mkae mita 300 kutoka kwa dubu, au 500 kati ya Machi na Juni. Kwa hiyo lenzi ndefu au darubini ina thamani kuliko simu mpya. Usiokote kitu pia: chochote kilichoachwa na binadamu kabla ya 1946 kinalindwa, hata msumari wenye kutu. Mkipita Ny-Ålesund, kijiji cha utafiti huko Svalbard, ambako mlingoti uliofungiwa puto lenye injini la mvumbuzi Mnorwei Amundsen mwaka 1926 bado umesimama, mtaambiwa mzime waifai na bluetooth, kwa sababu zinavuruga vipimo vya wanasayansi. Waage watu wa nyumbani mapema.

Mkiteremka kusini, viatu vinabadilika. Lofoten utaviona vichanja vya mbao ambavyo samaki aitwaye torsk huanikwa bila chumvi, kama ng'onda wetu, kuanzia Februari hadi Mei. Septemba vichanja vitakuwa vitupu, usije ukadai umedanganywa. Biashara ya samaki huyo ndiyo iliyoijenga Bergen. Wafanyabiashara wa Kijerumani walifungua ofisi yao hapo karibu mwaka 1360, na nyumba za mbao za Bryggen, mtaa wa zamani wa bandarini, zilizojengwa upya baada ya moto wa 1702, ziko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 1979. Vichochoro vyake ni vya mbao, na Bergen hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, hivyo beba viatu vyenye meno na koti lenye kofia. Trondheim tenga saa mbili kwa kanisa kuu la Nidaros, lililoanza kujengwa mwaka 1070 juu ya kaburi la Mfalme Olav.

Fedha taslimu hazina kazi kubwa Norwei. Hakikisha kadi yako imefunguliwa kwa matumizi ya nje na namba ya siri unaikumbuka. Fika Longyearbyen siku moja kabla, maana begi likichelewa Oslo meli haikusubiri. Bergen nako usikate tiketi ya ndege ya asubuhi ileile ya kushuka.