Mitandao ya kijamii kwa mamlaka ya maji ya mji: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimemwandikia ofisa mawasiliano wa mamlaka ya maji, ambaye mara nyingi ni mtu mmoja mwenye simu moja na bosi anayetaka "tuonekane mtandaoni". Anayefanya kazi hiyo hospitalini au kwenye SACCOS naye atapata la kuchukua.

Hatua ya 1: Kusanya maswali

Kabla ya kuchapisha lolote, kaa wiki mbili kwenye dawati la huduma kwa wateja, ukiandika daftarini kila swali kwa maneno yaleyale ya mteja. Utaona kwamba hakuna anayeulizia "uboreshaji wa miundombinu". Watu huuliza maji yatatoka lini, na kwa nini bili imepanda ilhali nyumba ilikuwa imefungwa mwezi mzima. Ukurasa wa mamlaka yetu ya maji ulijaa kwa muda mrefu picha za viongozi wakikata utepe na za vikao vilivyopambwa kwa chupa za maji ya dukani, jambo ambalo wafuasi hawakuacha kulitaja.

Hatua ya 2: Tenganisha hadhira, ndipo uchague mtandao

Mama lishe anayefungua kibanda alfajiri, mwenyekiti wa mtaa, mwenye nyumba anayeishi mji mwingine na mwandishi wa habari hawasomi mahali pamoja. Kwa mama lishe na mwenyekiti, WhatsApp ndiyo njia ya uhakika, lakini ijue mipaka yake: orodha moja ya matangazo hubeba watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo sababu tulianza kwa kuchapa namba ya ofisi kwenye bili, tukiwaomba wateja waihifadhi. Chaneli za WhatsApp, zilizoenea mwaka 2023, huficha namba za wafuasi, ila kwa kawaida mfuasi hawezi kukujibu humo. Facebook inafaa kwa malalamiko yanayohitaji maelezo marefu, na X (zamani Twitter) kwa waandishi. Instagram tuliiacha baada ya kuona kwamba hatuna mtu wa kuihudumia, nami sijutii.

Hatua ya 3: Andika tangazo linalosomeka mara moja

Hapa ndipo tulipoteleza vibaya. Tulinakili ratiba ya wahandisi kama ilivyokuwa: "Kutokana na matengenezo, huduma itakosekana katika baadhi ya maeneo kuanzia 8:00 hadi 4:00." Wahandisi walikusudia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, lakini wateja wengi walisoma saa nane mchana, na waliokuwa wamepanga kujaza maji asubuhi walikuta bomba limekauka. Mama mmoja alikuja ofisini na ndoo yake tupu, akaiweka juu ya kaunta bila kusema neno. Tangu siku hiyo tunaandika hivi:

"Jumanne maji yatakatika Majengo, Sokoni na Barabara ya Stesheni, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Tunabadilisha bomba lililopasuka karibu na stendi. Tafadhali jaza vyombo Jumatatu usiku."

Siku na mtaa vitangulie, kwa sababu msomaji hutaka kwanza kujua kama habari inamhusu. Weka maneno hayo kama maandishi hata kama una bango lililopambwa vizuri, kwani mwenye bando dogo huenda asiifungue picha, na maandishi ni rahisi kunakiliwa kwenye makundi ya mtaa.

Hatua ya 4: Jibu

Tenga muda wa saa mbili kila siku kwa ajili ya majibu, na mteue kwa jina atakayekushikia zamu wikiendi. Lawama ziache zionekane na uzijibu hadharani, matusi yafiche. Mteja akiandika namba yake ya simu au ya akaunti kwenye maoni, yafiche maoni hayo haraka na umwombe ahamie kwenye ujumbe wa faragha, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaihusu ofisi yako pia. Suala likishamalizika, rudi palepale uandike kilichotokea: "Fundi amefika, valvu ilikuwa imefungwa, maji yametoka saa 9:00 alasiri." Majirani wanaosoma bila kuandika chochote ni wengi kuliko mlalamikaji, na wao ndio huamua kama mara nyingine watakuamini.

Hatua ya 5: Pima

Idadi ya wafuasi ni takwimu ya kumpendeza mwenyekiti wa bodi. Hesabu badala yake simu zilizopigwa siku ya matengenezo kuuliza lile ambalo tangazo lilikwisha kulieleza. Zikiwa nyingi, liandike upya. Kisha rudi dawatini kila baada ya miezi mitatu ukiwa na daftari jipya, kwa kuwa wakati wa kiangazi watu huuliza zamu ya mgao, na masika huuliza kwa nini maji yanatoka na tope.