Kupanda mrehani wa zambarau kwa ajili ya nyuki, hapa Kisumu

Kama uko na kipande cha shamba chenye jua mchana kutwa na unataka nyuki na vipepeo wajae, tafuta ule mrehani unaoitwa African Blue. Majani machanga yanatoka zambarau kabisa, yakikomaa yanageuka kijani lakini mishipa inabaki na ile rangi, na ukiyasugua yananukia kafuri. Hiyo harufu imetoka kwa mzazi wake mmoja, mrehani wa kwetu Afrika Mashariki, ule ule wakulima kando ya msitu wa Kakamega wanapanda wakitoa mafuta ya kuchua.

Mbegu usihangaike nazo, hauzai mbegu. Omba jirani tawi ambalo halijatoa maua, kama sentimita 10 hivi, kata chini tu ya fundo, toa majani ya chini, weka kwa glasi ya maji hapo dirishani na ubadilishe maji, wiki moja au mbili mizizi inatoka.

Shida ya huku ni udongo mweusi wa Kano, mvua ikinyesha maji yanasimama na mizizi inaoza, so inua tuta, changanya samadi iliyooza na mchanga kidogo. Achanisha miche sentimita 60 ama zaidi, unatanuka sana huu. Mwagilia mpaka ushike.

Maua usikate vile watu hufanya na mrehani wa jikoni, hayo ndiyo chakula cha nyuki. Ukianza kuwa mti mti, punguza kama theluthi. Na dawa ya wadudu usipulize, tafadhali.