Kutembea Malindi kwa skuta ya umeme

Kabla hujagusa skuta, tazama upepo unainamishia minazi wapi. Njia yetu inaanzia makumbusho, inafuata bahari kuelekea kusini hadi Nguzo ya Vasco da Gama, na wenye hamu huendelea hadi Casuarina, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, unakwenda ukipigana nao na kurudi ukisukumwa, kwa hiyo chaji ikishuka haraka mwanzoni usishtuke. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ndiyo yenye hila: unakwenda unateleza, unajiona bingwa, kisha kurudi betri inakufia njiani. Msimu huo mimi huwageuza wageni chaji ikifika nusu, wanune wasinune.

Hatua ya pili, kagua. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likibonyea, litiwe upepo. Shika breki usukume skuta: magurudumu yakizunguka, dai nyingine. Helmeti ifungwe kidevuni, isiwe pambo.

Tatu, fanya mazoezi dakika kumi mahali pasipo magari. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma yake, magoti yalegee. Skuta nyingi mota haishiki mpaka usukume ardhi mara mbili tatu, ndipo ubonyeze kitufe cha mwendo, taratibu. Ukifunga breki, uzito urudishe nyuma. Wanaosimama kama mlingoti ndio wanaorukia usukani.

Sasa tuondoke, saa moja asubuhi, kushoto mwa barabara, mmoja nyuma ya mwingine. Tuktuk husimama ghafla popote abiria alipo, basi acha nafasi. Makumbusho yakiwa hayajafunguliwa, yaache hadi wakati wa kurudi, ila usiyakose: mle kuna silakanti, samaki wa kale aliyenaswa pwani hii mwaka 2001. Mbele kidogo kuna Msikiti wa Juma na makaburi yake ya nguzo. Hapo shuka, kokota skuta kwa mkono, na Ijumaa adhuhuri usipange kupita kabisa. Kisha kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti; mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India.

Kwenye nguzo ndipo wengi huanguka. Si kwa mwendo, ni kwa mchanga. Tairi dogo likiingia mchangani linasimama, wewe unaendelea. Mgeni wangu mmoja alikuwa anapiga picha kwa mkono mmoja. Simu ilipona, goti halikupona. Ukiona lami imepauka, toa kidole kwenye kitufe, shuka, tembea. Juu ya nguzo ile nyeupe ya matumbawe tazama msalaba: jiwe lake lilitoka Lisbon, katika safari ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika hapa mwaka 1498.

Ukirudi, ifute skuta kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi. Usiimwagie mpira wa maji. Chumvi ikikaa usiku mmoja tu, boliti zinaanza kutu, na betri yenyewe iache ipoe kwanza ndipo uichomeke chaji.