Kaya kumi kwa kila mwakilishi: jinsi tawi la Dodoma linavyoweza kufikisha hoja ya wafanyakazi kwa wabunge

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wabunge wa nchi nzima wanakuwa Dodoma. Tawi la chama cha wafanyakazi, iwe TUGHE, TALGWU, CWT au TUICO, lililopo hapa lina nafasi ambayo tawi la Kigoma halina: barua inapelekwa kwa mkono, na miadi inapatikana bila nauli ya basi. Kasoro yake ni kwamba mbunge wa Rombo hana haja na kura ya mtumishi aliyeko Mtumba, hapa Dodoma. Ana haja na kura ya mama wa mtumishi huyo aliyebaki Rombo. Watumishi wengi walihamia Dodoma baada ya serikali kutangaza kuhamia huku mwaka 2016, na ndugu zao wametapakaa karibu kila jimbo. Kwa hiyo nguvu ya tawi iko kwenye kaya za wanachama, na kaya hizo zinahitaji kupangwa mapema.

Hoja iwe moja, na iwe na hesabu

"Maslahi bora" hayapelekwi popote. Hoja inataja kiasi, inamtaja mwenye mamlaka ya kuamua, na inasema mlango wa uamuzi unafungwa lini. Tuchukue kikokotoo cha mafao, yaani kanuni ya kukokotoa malipo ya mstaafu, kwa sababu kinagusa mume, mke na watoto kuliko jambo jingine lolote.

Kanuni iliyoanza Julai 2022 inakwenda hivi. Chukua miezi ya utumishi, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Jibu ni pensheni ya mwaka. Asilimia 33 ya jibu hilo huzidishwa kwa 12.5, ndio mkupuo, fedha anayolipwa mara moja akistaafu. Asilimia 67 iliyobaki hugawanywa kwa 12, ndio pensheni ya mwezi. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipewa asilimia 50 kabla ya kanuni hii, na hadi 35 kwa waliokuwa wakipewa 25.

Sasa weka namba ubaoni kwenye kikao cha tawi. Mwalimu ana miezi 360 ya utumishi na wastani wa mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Pensheni yake ya mwaka ni kama 8,938,000. Kwa asilimia 33 anaondoka na mkupuo wa takriban 36,869,000 na 499,000 kila mwezi. Kwa asilimia 40 mkupuo ni 44,690,000 na mwezi ni 447,000. Kwa asilimia 50, ambayo wengi wanaidai mitaani, ni 55,862,000 na 372,000.

Hapo ndipo kikao huchangamka. Kutoka 33 kwenda 40 mstaafu anaongezewa milioni 7.8 mkononi na kupunguziwa kama 52,000 kila mwezi. Baada ya miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, nyongeza yote imeliwa. Aliyebakiza miaka miwili kustaafu na mwenye nyumba isiyoezekwa Nkuhungu atataka mkupuo. Mwenzi wake anayewaza miaka 20 ijayo huenda akataka pensheni ya mwezi. Tawi lisiruke mjadala huu. Likienda kwa mbunge kabla ya kuumaliza, atakutana na watu wawili wa tawi moja wanaodai vitu viwili vinavyopingana, na atakuwa na haki ya kutofanya chochote. Pigeni kura, andikeni matokeo kwenye muhtasari, kisha wote mseme lile lililoshinda.

Daftari la kaya

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mwakilishi 1 wa chama mahali pa kazi penye wanachama 1 hadi 9, watatu kwa wanachama 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na 15 wanachama wakizidi 100. Wakizidi 100, angalau watano kati ya wawakilishi wawe wa kuwasemea wanawake, kama wapo wanachama wanawake. Matawi mengi hujaza nafasi hizi kwa majina tu. Mpeni kila mwakilishi kaya zisizozidi kumi. Zikizidi hapo simu hazipigwi, zinabaki salamu za WhatsApp.

Kwa kila kaya andikeni mwanachama, mwenzi wake, watoto waliofikisha miaka 18, kata wanayoishi, jimbo ambalo kila mmoja amejiandikisha kupiga kura, na mwisho jimbo la nyumbani pamoja na ndugu mmoja anayekubali kwenda kumwona mbunge huko. Safu hii ya mwisho ndiyo yenye mali. Wanachama 60 wanaweza kukupeni majimbo 30 au zaidi.

Kila mtu aulizwe kabla jina lake halijaandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalihusu tawi pia, na ndugu wa kijijini naye ana haki ya kukataa. Daftari likae kwa katibu wa tawi na mtu mmoja mwingine, lisirushwe kwenye kundi la simu. Mwajiri asiye na nia njema akilipata, tayari ana orodha ya wachokozi.

Kikao cha familia

Msikiite Jumamosi ya Januari, Februari au Machi. Mvua za kanda hii huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, na familia nyingi za Dodoma zina shamba Bahi, Chamwino au Kongwa. Jumamosi watu wako kwenye palizi. Jumapili saa 9 hadi saa 10 na nusu alasiri inafaa, ibada zimekwisha na daladala bado zipo.

Mwenzi aalikwe kwa jina lake na kwa simu yake. Mwaliko unaopitia kwa mume aghalabu hauvuki mlango wa nyumba. Wekeni vijana wawili wa kukaa na watoto chumba cha pili, la sivyo kina mama wataondoka nusu saa ya kwanza. Chai na maandazi vinatosha; posho ya kikao msianze nayo kabisa, kwa sababu kikao cha pili bila posho hakitakuwa na mtu. Matumizi yote yapitishwe na kamati ya tawi na kuandikwa. Ada ni makato ya mshahara wa watu, asilimia 2 kwa vyama vingi, na mwanachama akihisi inaliwa atasema wazi.

Sheria inakipa chama haki ya kukutana na wafanyakazi eneo la kazi nje ya saa za kazi. Familia zikiwepo, tafuteni ukumbi wa nje: mwajiri anaweza kuzuia wageni getini na siku ikapotea. Mkiamua mkutano wa hadhara au maandamano, taarifa ya maandishi ifike polisi wa eneo hilo si chini ya saa 48 kabla. Ombeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na itembee na katibu siku yenyewe.

Siasa ndiyo, chama cha siasa hapana. Mtumishi wa umma anaweza kuwa mwanachama wa chama na kupiga kura, lakini hafanyi kampeni kazini wala havai sare za chama ofisini. Kwenye kikao cha tawi pia kofia na kanga za chama chochote zibaki nyumbani, hata kama mwenyekiti anazipenda. JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi ya zamani, ilikuwa chini ya chama tawala, na vyama vya wafanyakazi vya leo vilitumia miaka ya 1990 kujinasua hapo.

Lini kusukuma

Wengi husubiri Mei Mosi. Ni kweli kwamba matangazo makubwa huja na siku hiyo: sherehe za 2022 zilifanyika Dodoma, na katikati ya mwezi huohuo ikatangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 ya kima cha chini serikalini; mwaka 2025 zilifanyika Singida, kima kikapandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Lakini Mei Mosi ni siku ya kutangaza. Fedha inayotangazwa huwa imeshapangwa. Bunge hujadili mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti Novemba, na kamati huchambua mafungu ya wizara karibu na Machi. Hoja ya nyongeza iwe imefika mezani Novemba. Kuanzia Aprili kinachobaki ni kulinda kilichoingia na kushughulikia Muswada wa Fedha mwezi Juni.

Andikeni ukurasa mmoja kwa Katibu wa Bunge, nakala kwa mwenyekiti wa kamati husika, kupitia uongozi wa chama mkoa ili TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, isije ikasema jambo tofauti na lenu. Ukurasa huo uwe na hesabu ya ubaoni, ombi la mstari mmoja, na simu ya mtu mmoja wa kujibu maswali.

Wiki hiyohiyo ndugu wa nyumbani aende ofisi ya mbunge jimboni, aseme kwa maneno yake: "Mwanangu ni muuguzi Dodoma, akistaafu ndiye tunayemtegemea." Msimpe karatasi ya kusoma. Ujumbe 40 wenye maneno yaleyale, hata koma ileile, unatambulika kuwa umenakiliwa. Kisha wawakilishi wawili na mwenzi mmoja wa mwanachama waombe dakika kumi na mbunge huyo hapa Dodoma. Wasizidi watatu, kundi la watu kumi linamfanya ahutubie badala ya kusikiliza.

Kwa mbunge wa hapa, angalieni kwanza ni yupi. Mwaka 2025 jimbo la Dodoma Mjini liligawanywa na kuzaa jimbo la Mtumba, na bado kuna barua zinazotumwa kwa mtu asiyehusika. Na aliyehama bila kuhamisha taarifa zake kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hana mbunge hapa. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi hupokea marekebisho kwa vipindi inavyotangaza, basi wawakilishi wawe na majina tayari. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, inayoandikishwa mtaani unakoishi wiki chache kabla ya kura. Kadi ya mpiga kura haikuingizi humo.

Ikishindikana kabisa, sheria inaruhusu mgomo wa kupinga kwa jambo la kiuchumi na kijamii. Unaitishwa na chama kilichosajiliwa au shirikisho, si na tawi. Notisi inapelekwa Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, siku 30 zipite, na itolewe taarifa ya siku 14 kabla ya kuanza. Tawi likijianzishia mgomo wake kwa hasira ya Jumatatu, wanachama wake wanapoteza kinga ya sheria.

Julai hati ya mshahara ikitoka, kila mwakilishi aitazame pamoja na kaya zake, aandike kilichobadilika, na ndugu wa jimboni apigiwe simu aambiwe matokeo, hata yakiwa sifuri. Hapohapo rekebisheni daftari: nani kahama, nani kastaafu, mtoto gani kafikisha 18. Novemba iko karibu.